Mtoto Aliyetekwa na Mtani

Miaka ile watu walipoanza kukimbilia Tunduru kutafuta mawe ya thamani, mume wangu naye alikimbia. Alikuwa fundi baiskeli hapa Majengo. Maduka yalikuwa yamejaa vitu tulivyokwisha kuvisahau, sabuni za kunukia, khanga za kila rangi, mitumba imemwagwa chini kwenye maturubai. Vitu vipo, cha kununulia hakuna. Akaniambia, "Mvua zikianza nitakuwa nimerudi."

Mvua zikaanza, zikaisha, mahindi tukavuna, yeye hayupo. Wote waliopanda naye lori la Tunduru majina yao ninayo kichwani mpaka leo, hata la dereva, ila siyaandiki. Wengine wana wajukuu, na wajukuu siku hizi wanasoma kila kitu.

Habari aliileta mama mmoja muuza korosho. "Baba wa mtoto wako ni mzima," akasema. "Ana mke huko Nakapanya, na mke ana tumbo." Baadaye mwenyewe akatuma neno kwamba hana ugomvi na mimi, lakini harudi. Basi tukaachana hivyo, bila hata sahani kuvunjika.

Binti yetu alikuwa bado mdogo, shule hajaanza. Akiniuliza baba yuko wapi, namjibu, "Tunduru," nageukia jiko. Nilikuwa nauza uji na maandazi pale stendi asubuhi, na moto wa kuni una faida yake: ukilia, unasingizia moshi. Lakini uji uliisha kila siku, na mtoto alinenepa. Nikaanza kuona kwamba tutaishi.

Ndipo wakaja shemeji yangu na wifi yangu. Wakakaa barazani pamoja na kaka yangu mkubwa, aliyesimama badala ya baba yetu marehemu. Walikuja kumchukua mtoto wampeleke Nakapanya.

Kwetu Wangoni, mahari ikikamilika mtoto ni wa upande wa baba. Hilo nalijua, sikufundishwa na mtu. Na mahari yangu ilikamilika. Ng'ombe wa mwisho kaka yangu ndiye aliyempokea. Kwa hiyo aliinama, anachora chini kwa kijiti.

"Wifi, usituone wabaya," wifi yangu akasema. "Mtoto hafuati ziwa, anafuata ukoo."

"Akalelewe na nani?" nikamuuliza. "Na mwanamke asiyemjua?"

"Atamjua."

Nikaingia ndani kukunja nguo zake. Nikasikia sauti ya bibi wa nyumba ya nyuma, nikatoka. Yule bibi alikuwa mtani wa ukoo wa mume wangu. Mtani anaweza kukutukana msibani, akamkamata kuku wako, akasema mpaka umkomboe, na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, umeaibisha ukoo wako wote.

Aliingia barazani bila hodi. "Nyie wezi wa tangu zamani!" akapiga kelele. "Babu zenu walizunguka nchi nzima wakiteka watu, na nyie bado mnaendelea? Leo mtatekwa nyie."

Akavua khanga ya mabegani, akamnyanyua binti yangu, akambeba mgongoni. Mtoto mkubwa yule, miguu inaning'inia mpaka kwenye magoti ya bibi.

"Huyu nimemteka. Anayemtaka aje amkomboe."

Shemeji akacheka, ingawa hakupenda. "Haya bibi, unataka nini? Kuku?"

"Kuku wako kala nini, amekonda kama wewe! Na wewe sikutaki, wewe umetumwa tu. Aje aliyemzaa. Aje na kikapu cha korosho alizobangua kwa vidole vyake mwenyewe."

"Bibi, acha utani."

"Nikiacha utani nitabaki na nini, nami meno sina?"

Hata wifi yangu alifunika mdomo. Wakaondoka bila mtoto, maana kumpokonya mtani mateka kwa nguvu ni habari ya kusimuliwa kwenye misiba yao mpaka vitukuu.

Nilipokwenda kumchukua mwanangu, bibi akanikatalia. "Wewe nawe uliolewa kule, ni mwizi mwenzao." Halafu akacheka. "Mchukue. Nakuazima."

Nikamwambia naogopa. Je, akija na hizo korosho?

"Atakuwa amekuja," bibi akasema. "Sasa hivi unagawana mtoto na mtu ambaye hayupo."

Baba yake alikuja msimu wa korosho ulipokwisha, akatua kikapu barazani mbele ya bibi na kaka yangu. Mafuta ya maganda yalikuwa yamemchubua vidole vyote, vimekuwa vyeusi. Nilipoviona niliogopa zaidi, maana nilijua anamtaka kweli.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwizi." Akatafuna korosho moja kwa ufizi, taratibu. "Umeziunguza. Haya, umemkomboa. Mtoto ndiye huyo."

Binti yangu alitoka nyuma yangu, akamtazama, akampigia goti kama anavyopigiwa mgeni yeyote. "Shikamoo," akasema, akarudi nyuma ya khanga yangu.

Baba yake akavuta kigoda, akakaa. Akaniuliza, taratibu, "Usiku analala bila taa?"

"Hapana. Mpaka nikae karibu."

"Na anakula nini asubuhi?"

"Uji wa ulezi. Wa mahindi anautapika."

Akaniuliza na mengine, kila jibu jipya kwake. Kisha akamgeukia kaka yangu, maana neno la namna hiyo husemwa mbele ya mwanaume wa nyumba, na bibi akiwa shahidi.

"Shemeji, abaki kwa mama yake. Ukoo wake anaujua, hautapotea. Mimi nitakuwa nakuja."

Kaka yangu akamshika mkono kwa mikono yote miwili. Mimi niliingia jikoni, na siku hiyo hakukuwa na moto wa kusingizia.

Alilala kwa nduguye. Asubuhi alitukuta tukienda bombani, akachuchumaa mbele ya binti yake ambebe.

Mtoto akamwangalia mgongo, akafikiri.

"Mimi natembea," akasema. "Wewe beba ndoo."

Akaibeba.