Tuta la Bibi Nyuma ya Fleti

Kiangazi hiki mama yangu mdogo, anayeishi Norwe, alinialika tukazunguka pwani ya huko kutazama mambo ya Waviking, wale mabaharia wa kale. Mimi kila kitu nilichungulia: misumari iliyoliwa na kutu, vitana vya mfupa, mawe yaliyopangwa kwa umbo la mashua. Tukafika kwenye kilima kirefu cha nyasi. Kaburi, akaniambia, chini yake alizikwa mwanamke mwenye cheo pamoja na vyungu vyake. Nikacheka peke yangu, hadi akauliza kama baridi imenipanda kichwani.

Ndugu yangu, kilima kile mbona nilishakiona! Adelphi, mji wa ughaibuni tulikohamia, nyuma ya fleti zetu, nikiwa na miaka minane.

Bibi alikuja kutoka Kigoma kutulea, mama akishinda kazini kwenye nyumba ya wazee. Msimamizi wa majengo alimkubalia kipande cha ardhi karibu na mapipa ya taka. Basi wiki ileile mwalimu akatufundisha kwamba Waviking waliwafukia wakubwa wao ndani ya vilima, na vyombo vyao. Narudi kutoka shule, namkuta bibi kajifunga kanga kiunoni, anapandisha udongo. Tuta refu, urefu wa bibi mwenyewe kabisa. Na pembeni kaweka sufuria! Na ndiye huyu ambaye kila asubuhi, magoti yakimuuma, alisema, "Mie safari yangu imekaribia."

Sikuuliza. Alipoingia ndani nililipiga tuta mateke, nikalisawazisha kwa mikono, machozi yananitoka.

"Nani kabomoa tuta langu?"

"Mimi. Sitaki uzikwe."

Alinitazama, kisha akacheka hadi akakaa chini. "We mke mwenzangu!" Ndivyo alivyozoea kunitania. "Hilo la matembele! Unizike kabla sijala mboga yangu? Nitakutokea!"

Tukaliinua upya, tukapanda marando ya viazi. Nikamuuliza, siku ikifika, tumzike na vyungu?

"Vya nini? Nimepika miaka yote hii, huko si naenda kupumzika?"

Kiangazi kizima tulikula matembele kwa nazi ya kopo. Harufu ilipanda ngazi, na majirani wakabisha hodi, sahani mkononi.

Alikaa nasi miaka mingine kumi na moja. Tulimzika hukohuko ughaibuni, kwenye makaburi ya upande wa Upper Marlboro. Wafanyakazi walipomaliza walianza kusawazisha udongo, nikamwomba mmoja aache japo painuke kidogo. Akasema kwa upole haiwezekani, mashine ya kukata nyasi haitapita.

Zile fleti zimebomolewa, na penye matembele pameegeshwa magari. Bibi naye yuko chini ya uwanja uliolala kama mkeka, jina lake kwenye kibao kilicholazwa chini na kumezwa na nyasi. Namtafuta kwa kuhesabu hatua kutoka kwenye uzio. Mara mbili nimeshamkalia mtu mwingine, nikamsimulia habari zote za nyumbani, ndipo nikapangusa kibao na kusoma.