Debe la chokaa kule Moshono, na zamu niliyotaka kuigawa

Wakuu, za Jumapili. Nina miaka themanini na kitu, mjukuu ndiye anayechapa, hivyo shikamoo zenu nimeshazipokea. Haya yalinipata mwenyewe, sina cha kuongeza.

Enzi za Mwingereza nilikuwa fundi kwenye gereji ya Singasinga mmoja pale Kaloleni. Alikuwa na gari kuukuu la race. Akateguka bega, akaniambia, "Endesha wewe. Ukimaliza ndani ya watatu wa kwanza, kiti ni chako. Ukishindwa, nauza gari."

Madereva wengine wote walikuwa walowezi na Wahindi.

Uwanja ulikuwa shamba tu kule Moshono, na vumbi la Meru mnalijua. Nikiwa wa tatu, gari moja likapinduka. (Dereva alitoka anacheka, msihofu.) Hapo mbio zikasimama, ikabidi tuanze upya.

Restart ilikuwa hivi: mnapita mmoja mmoja, kwa nafasi zenu, kwenye debe lililopakwa chokaa. Ukipita kushoto kwake, umechagua safu ya ndani. Kulia, safu ya nje. Ukishapita hubadilishi.

Wa kwanza akaenda ndani. Wa pili naye ndani, maana ndani ni kufupi.

Zamu yangu ikafika, nami nikasogea pembeni ili mlowezi aliyekuwa nyuma yangu apite kwanza. Hakuna aliyeniambia. Mazoea tu ya kumpisha mzungu.

Bosi akatembea hadi dirishani. "Wewe ni wa tatu. Ukimpisha, umejitoa mwenyewe."

"Nipite wapi, Mzee?"

"Udongo huu umeulima wewe, mimi sijaulima."

Wakuu, hakuna bosi aliyewahi kuniachia niamue mwenyewe.

Nikatazama. Ndani palikuwa unga mtupu. Kule nje mfereji ulikuwa unavujia, udongo umeshikana. Nikapita kulia. Kwa kuwa wale wawili walifuatana ndani, nikajikuta mbele kabisa, sambamba na wa kwanza.

Bendera ikashuka. Wao wakachimba vumbi, mimi nikaondoka.

Nilimaliza wa pili. Gari halikuuzwa, na nililiendesha misimu mitatu.

Mzee yule ameshatangulia, na sikumshukuru vya kutosha. Baadaye nilifungua gereji yangu. Fundi akiniuliza afanyeje, namuuliza kwanza yeye anaonaje. Wanadhani nawapima. Namshukuru Mzee tu.

Nilichojifunza: zamu yako ikifika, usiigawe.

Na wewe, nani alikurudisha kwenye zamu yako? Andika hapo chini, mjukuu atanisomea zote.