Msimu Niliolinda Mpunga Ng'ambo ya Mto

Niliporudi Ifakara kutoka hospitali, katikati ya miaka ya tisini, nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita. Kabla ya hapo nilikuwa fundi cherehani. Kisha nikaanza kusikia watu wakinisema vibaya mahali pasipo na mtu, nikaacha kulala, na siku moja nikashika barabara ya Mkula kwa miguu, nguo za wateja kichwani. Hospitali walinitibu, sauti zikapungua, nikarudi na vidonge na sindano ya kila mwezi.

Nyumbani nilichungwa. Mama alificha kiberiti. Wageni walimuuliza yeye, "Anaendeleaje?" nami nimeketi palepale mkekani. Hakuna aliyenitukana. Walinipenda, ila katika kupendwa huko sikuruhusiwa hata kwenda kuchota maji.

Mwaka huo mpunga wetu wa ng'ambo ya mto ulipoanza kutoa masuke, goti la mama likavimba. Lazima mtu akae shambani kufukuza ndege, la sivyo hamvuni kitu. Kaka yangu mkubwa akasema atatafuta mtu.

"Nitakwenda mimi," nikasema.

Kaka akaweka bakuli chini. "Wewe? Peke yako, porini?"

"Nimelinda shamba lile tangu nina miaka kumi. Na unajua nina sauti kuliko wewe."

Hakucheka. Alisema tutamuuliza nesi wa kliniki, na nilijua anatumaini nesi atakataa.

Nesi alikuwa mama wa makamo, mpole, asiye na haraka. Alimsikiliza kaka hadi mwisho, kisha akageuza kiti kunielekea.

"Na wewe mwenyewe unataka nini?"

Tangu niugue sikuwa nimeulizwa hivyo. Machozi yalitangulia jibu. Nilimwambia nataka kwenda, na kwamba vidonge vya asubuhi vinanisinzisha mchana kutwa. Akaenda kuzungumza na daktari, akarudi: vyote nitameza jioni. Akauliza ugonjwa ukitaka kurudi huwa naujuaje. Hilo nililijua vizuri kuliko mtu yeyote. Kwanza usingizi hukatika, halafu nasikia harufu ya moshi ambayo wengine hawaisikii.

"Ukiona hivyo siku mbili, unavuka, unakuja," alisema. "Usingoje kuletwa. Unakuja mwenyewe."

Kaka alinisindikiza hadi Kivukoni na mkeka wangu, sufuria na unga. Pantoni ilipoondoka alibaki ukingoni akipunga mikono yote miwili, kama mtu anayesimamisha gari.

Shambani dungu letu lilikuwa bado limesimama: jukwaa la miti lenye paa la nyasi. Dungu la jirani lilikuwa la bibi mmoja Mpogoro. Nilimwamkia, nikamweleza bila kuzunguka kwamba nimeugua akili, na mambo ya kuangalia.

"Marahaba, mjukuu wangu," alisema. "Mimi naugua mgongo. Ukiona sijainuka asubuhi, na wewe uje uniangalie."

Kulipokucha ndege wakashuka kwa maelfu. Nyumbani nilikuwa nimezoea kunong'ona, maana nikipaza sauti kidogo tu mama alishtuka. Huku bonde zima lilikuwa linapiga kelele! Watu wazima na heshima zao, kila mmoja peke yake juu ya jukwaa, wanagonga madebe, wanaimba upuuzi, wanagombana na ndege. Nikafungua koo. Niliwatukana wale ndege, nikawatukana na wazazi wao. Bibi akadakia kwa Kipogoro, maneno ambayo hakukubali kamwe kunitafsiria. Nilicheka mpaka nikakaa chini, na katikati ya kucheka nikagundua kuwa kicheko kile nakifahamu, ni changu.

Wiki ya pili nilisikia mtu akiniita kutoka kwenye mpunga.

"Bibi, umeniita?"

"Sijakuita!"

"Basi, si kitu!"

Nikaendelea kurusha udongo kwa teo. Usingizi ulikuwa mzuri, moshi sikuusikia, kwa hiyo sikuvuka. Siku ya sindano ilipofika nilivuka mwenyewe, nikachomwa, nikarudi kabla jua halijazama. Sitasema nilipona kabisa. Miaka iliyofuata ugonjwa ulirudi mara mbili, na mara zote mbili nilikwenda kliniki kwa miguu yangu.

Mpunga ulipokaribia kukauka, mama akaja akiegemea bega la kaka. Mimi na bibi tulikuwa tumekaanga mpunga mbichi, tunautwanga uwe pepeta, punje bapa za kutafuna. Mama alikula kiganja baada ya kiganja, bado ya moto, makapi yamemganda midomoni.

"Umekonda," alisema hatimaye, "lakini umechangamka."

Kaka akatazama masuke yaliyoinama mpaka kwenye mpaka wa shamba. "Haya, tunarudi lini?"

"Ninyi rudini kesho. Mimi nina mpunga wa kuvuna."

Kaka akavua viatu, akakunja suruali, akaomba mundu. Nikamwonyesha pa kuanzia.