Printa Yetu Ilikataa Wino, na Mimi Nikamrukia Asiye na Hatia

Printa ilisema haina wino, ilhali katriji ilikuwa imejaa pomoni.

Nasema imejaa kwa sababu niliichomoa nikaiweka juu ya mizani ya jikoni. Uzito wake ulikuwa karibu sawa na wa katriji mpya.

Nikairudisha. Kioo kidogo kikaandika: "Katriji isiyotambulika. Tafadhali weka wino halali."

Halali. Kana kwamba nimeiba.

Naitwa Wiebke Harmsen. Nasoma chuo kikuu Oldenburg, Ujerumani, lakini kila Ijumaa narudi nyumbani Leer, kwa kuwa mimi ndiye katibu wa chama chetu cha bustani. Tuna wanachama mia moja na arobaini, wengi wao wazee, kila mmoja na kipande chake cha viazi na maua na kibanda cha mbao.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Mwenye ardhi alikuwa ametupa hadi tarehe thelathini tupige kura ya kuongeza mkataba, la sivyo bustani zigeuzwe maegesho ya magari. Na katiba ya chama inasema mwaliko wa mkutano mkuu lazima uwe wa karatasi, na uwe umetiwa posta siku kumi na nne kabla. Ukichelewa siku moja, mkutano ni batili na kura ni bure.

Siku ya mwisho ilikuwa hiyo hiyo.

Barua pepe? Kwetu katiba ya chama cha bustani haichezewi.

Gari la posta lingekuja kuchukua barua saa nane mchana. Saa ilikuwa nne. Duka pekee la fotokopi mjini lilikuwa na kikaratasi mlangoni: likizo.

Gerold, mweka hazina wetu, alikuwa mezani akibandika stempu kwenye bahasha. Hakuinua hata kichwa.

"Si nilikwambia?" alisema. "Wino wa vichochoroni."

"Si wa vichochoroni, Mzee Gerold. Ni katriji ile ile, imejazwa upya. Hakuna cha kutupa jalalani."

"Basi ielimishe printa, bibie. Mimi umeshanielimisha."

Maneno hayo yaliniingia. Mwezi uliotangulia nilikuwa nimesimama katika kikao nikahutubia kuhusu taka za plastiki, hadi wakakubali tuachane na wino wa kampuni iliyotengeneza printa, tununue kwa Bwana Okke Lüpkes, mwenye kiduka cha kujaza wino karibu na bandari. Kwa hiyo aibu ilikuwa yangu, na hasira zikanipanda hadi utosini.

Nikadandia baiskeli.

Bwana Lüpkes alikuwa nyuma ya kaunta, vidole vyeusi tii. Mbele yake palikuwa na rundo la katriji zilizorudishwa.

"Umeniuzia takataka," nilisema kabla ya salamu.

"Moin, Wiebke," alinisalimu. "Kunywa chai kwanza."

"Sitaki chai. Nina barua mia moja na arobaini, na printa inaniambia wino wako si halali."

Alinipa katriji nyingine. "Jaribu hii. Ikikataa, nirudie."

Ilikataa. Nikarudi. Akanipa ya tatu bila kuuliza neno. Nayo ikakataa.

Safari hiyo sikuingia hata ndani. Nilimwita tapeli nikiwa mlangoni, mbele ya wateja wawili.

"Kumbe si mimi tu," mmoja wao alisema, akamwaga katriji zake zote juu ya kaunta na kuondoka.

Bwana Lüpkes alimtazama hadi akapotea.

"Wewe ni wa kumi na moja leo," aliniambia. "Jana hapakuwa na hata mmoja. Wino wangu hauwezi kuoza wote kwa siku moja, binti. Waulize waliotengeneza mashine."

Nikawapigia. Nilisikilizishwa muziki hadi saa sita kasorobo, ndipo mwanamume mwenye sauti ya asali akapokea.

"Pole kwa usumbufu, Bi Harmsen. Printa yenu ni nzima. Imepata sasisho la usalama."

"Usalama wa nani?"

"Wa mteja. Wino usio wetu unaweza kudhuru kifaa."

"Jana ulikuwa unachapa vizuri. Leo kimebadilika nini, wino au printa?"

"Tunapendekeza wino wetu. Ukiagiza sasa hivi, utafika Jumatano."

"Printa ni yetu. Iko juu ya meza yetu, ndani ya chumba tulichokifunga kwa ufunguo wetu. Nani aliwaruhusu kuingia?"

Nilimsikia akibonyeza vitufe.

"Wewe," alisema.

"Mimi?"

"Leo, saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi. Mtumiaji W. Harmsen amekubali masharti."

Nikakumbuka.

Asubuhi kioo kilikuwa kimeniuliza: kuna sasisho jipya, ungependa kuendelea? Chini yake palikuwa na kurasa kumi na tisa za masharti. Nami husasisha kila kifaa changu siku ile ile sasisho linapotoka, maana ndivyo nilivyoamini mtu makini hufanya. Nilibonyeza ndiyo kabla chai yangu haijapoa.

"Basi liondoe," nilisema.

"Haliondoki, Bi Harmsen. Nikusaidie na jambo jingine?"

Nilikata simu, nikarudi bandarini.

"Bwana Lüpkes, ni mimi niliyebonyeza."

"Wote mmebonyeza," alisema. Hakuonekana kushangaa. Alichomoa printa yake mwenyewe, dude kubwa la kijivu la zamani, akalifunga blanketi. "Hili halijawahi kuunganishwa na mtandao. Shika upande ule."

Akafunga duka mchana kweupe, wateja wakiwa njiani.

Tulipoifikisha kwenye chumba cha chama, printa ile ilinguruma kama trekta, lakini ilichapa. Mimi nilikunja karatasi, Gerold akafunga bahasha.

"Wino wa nani huo?" Gerold aliuliza.

"Wa vichochoroni," alijibu Bwana Lüpkes.

Bahasha ya mwisho iliingia kwenye sanduku la posta saa nane kasoro dakika sita. Tarehe thelathini tukapiga kura. Bustani zipo hadi leo.

Kiduka cha Bwana Lüpkes hakipo.

Nilikuwa nimezunguka mji mzima nikieleza ukweli, nikaenda hadi kwa yule mteja aliyemwaga katriji kaunta. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Lakini si wewe mwenyewe ulisema ni tapeli?"

Kabla ya Krismasi, Bwana Lüpkes alikuwa ameshafunga duka.

Kampuni haikulazimika kumsema vibaya hata kwa neno moja. Iliufungia wino wake mlango kimyakimya, ikatuachia sisi kazi ya kupiga kelele, nasi tukaifanya bure.

Wewe unayesoma, kifaa chako kikikugomea, usimrukie aliye karibu nawe. Uliza kwanza nani amekigusa, na kwa idhini ya nani. Mimi niliuliza nikiwa nimechelewa saa mbili tu.

Saa mbili zilitosha.