Jaribio la Barabarani

Papa alijifunza Kiingereza kwenye magari. Huko Lubumbashi alikuwa fundi katika gereji ya kampuni ya migodi, na binamu yake aliyeishi ng'ambo ya mpaka, Zambia, alimletea mafungu ya jarida moja la magari la Waingereza, kurasa zikiwa zimelegea kwa kusomwa na watu wengi. Alilisoma kamusi ikiwa magotini. Sisi wanawe, tuliosoma kwa Kifaransa, tulimcheka jinsi alivyotamka maneno. Hakuwahi kuyasikia, aliyaona tu.

Historia ya jarida lile aliijua kama wengine wanavyoijua historia ya parokia yao. Lilianza, alituambia, karne ya kumi na tisa ikiwa inakwisha, barabara za London zikiwa bado zimejaa mavi ya farasi na watu wenye heshima wakiliona gari kuwa kichekesho. Likapita vita viwili vikubwa, likakonda, likaendelea kutoka. Lakini alichokipenda kuliko vyote kilikuwa jaribio la barabarani. Waandishi walichukua gari jipya, wakaliendesha, wakapima mwendo na breki, kisha wakaandika walichokiona, kizuri na kibaya.

"Bazungu ba kiwanda banakasirika," alikuwa akisema, "lakini bale banaandika tu. Na kila muntu anasoma."

Mtaani kwetu akaiga. Mtu akitaka kununua gari alimwita papa kwanza, naye alizunguka nalo, akarudi, akatoa hukumu kwa sauti mbele ya mwenye gari na majirani. Baadhi ya wauzaji waliacha kumsalimu. Hakujali.

Mimi nilitangulia kuja Brussels, nikapata kazi ya kutunza wazee. Mdogo wangu wa kiume akanifuata, na miaka ya karibuni tukawaleta papa na mama. Tuliishi wote mtaa wa Saint-Gilles, katika nyumba ya zamani iliyokatwakatwa kuwa makazi ya familia nyingi. Kila wiki papa alitembea hadi Gare du Midi, zinapofikia treni za kutoka London, kwa sababu kibanda cha magazeti pale kiliuza jarida lake. Alirudi akilalamika. Limejaa magari ya umeme, alisema, na habari nyingi sasa wanaziweka kwenye simu tu. "Motokari haina sauti, utaisikiliza namna gani?" Hata hivyo alilisoma lote, mpaka matangazo.

Mdogo wangu alikuwa akinunua magari ya zamani na kuyapeleka kwetu kupitia bandari ya Antwerp. Sheria za hapa zilikuwa zimeanza kuyafukuza mjini magari ya dizeli kwa sababu ya moshi, kwa hiyo hayakuwa adimu. Mjomba wetu wa Likasi, mdogo wake mama, aliomba basi dogo la kubeba abiria. Mdogo wangu akalipata, jeupe, viti vyote vizima. Akamchukua papa wakalijaribu pamoja, nadhani ili kumfurahisha. Mimi nilikaa kiti cha nyuma.

Tulikwenda kando ya mfereji, upande wa Anderlecht. Papa alitega sikio. Alimwambia mdogo wangu akanyage breki, aachie, akanyage tena. Kisha akaomba tusimame, akashuka, akalala chali juu ya lami yenye unyevunyevu akiwa na koti lake la kanisani. Alipotoka chini ya gari, vidole vyake vilikuwa na kutu nyekundu.

"Chumvi," alisema. "Ile banamwanga barabarani wakati ya baridi. Imekula mirija ya frein, ile ya kusimamisha motokari. Hii motokari haiende."

"Bon, papa, kule batatengeneza."

"Kule ni wapi? Kule ni tonton yako, ndugu ya mama yako."

Mdogo wangu alitazama mfereji. "D'accord. Nitabadilisha mirija yote kabla ya kupakia."

"Unasema kweli?"

"Kweli, papa."

Papa akajifuta mikono kwa leso, na tukarudi nyumbani. Gari lilipakiwa meli siku chache baadaye.

Miezi kadhaa baadaye habari zilikuja mchana, siku ya mvua. Mke wa mjomba alimpigia mama. Nilikuwa jikoni, nikamsikia mama akisema "ndiyo, ndiyo," kwa utulivu, halafu simu ikaanguka. Basi lilikuwa limeshindwa kusimama kwenye mteremko wa barabara ya Likasi. Lilimgonga mwanamke aliyekuwa akivuka, likaingia kwenye lori lililoegeshwa. Mjomba, aliyekuwa akiliendesha, alikufa papo hapo, pamoja na abiria waliokaa mbele.

Mdogo wangu alipofika jioni, alimkuta papa amesimama mlangoni.

"Ulibadilisha?"

Mdogo wangu alifuta viatu kwenye mkeka.

"Minakuuliza, ulibadilisha?"

"Meli ilikuwa inaenda, papa. Nilimwambia tonton kwa telefone abadilishe mirija kabla basi ianze kazi. Akasema ndiyo. Alafu akaniambia batu banangoja, atafanya mwezi unaokuja."

Sikujua kama ilikuwa kweli, na hadi leo sijui. Mama alikuwa ameketi kitandani, mlango ukiwa wazi, akisikia kila neno. Papa hakupiga kelele. Alisogea pembeni ili mwanawe aingie, kisha akachukua kofia akatoka. Kwa muda wote wa kilio hakukaa naye chumba kimoja.

Wiki iliyofuata hakwenda Gare du Midi. Wala iliyofuata. Nilimnunulia jarida mwenyewe, nikaliweka kando ya chai yake. Alilisukuma taratibu kwa mgongo wa mkono.

"Unajua bale Waingereza banafanyaka nini?" aliniuliza. "Banaandika. Muntu wa London anasoma, wa Kitwe kule Zambia anasoma. Mimi niliambia muntu mumoja tu, na ule muntu ndiye alikuwa anauzisha. Kwa nini sikuita tonton yako? Simu ilikuwa mu mufuko yangu."

Nilimwambia mdogo wangu ndiye aliyeahidi.

"Mutoto aliahidi," alisema. "Lakini frein niliiona miye."

Hakurudia maneno hayo tena. Aliacha kula vizuri, akaacha kwenda kanisani, na majira ya baridi yalipoingia kifua kikambana. Tulimlaza hospitalini Ixelles. Ninajua kazi yangu. Niliona mapema kwamba hatatoka. Mdogo wangu alikuja kila siku baada ya kazi. Alimnyoa ndevu, akamkata kucha, akampaka mafuta miguuni. Papa alimwachia afanye yote hayo, akigeuza shingo ili wembe upite, lakini macho yake yalibaki dirishani. Hakumwambia neno. Alikufa hivyo, asubuhi moja mama akiwa amemshika mkono.

Majarida niliyatoa mwenyewe. Mama hakuyataka ndani. Niliyajaza kwenye mifuko ya njano ya taka za karatasi, nikaiweka kando ya barabara, na lori la taka likaichukua.

Mdogo wangu aliacha biashara ya magari. Baadaye akasafiri hadi Likasi bila kumwambia mtu, akaenda kwa mjane wa mjomba. Alinieleza aliporudi, akiwa hajavua koti. Alifika asubuhi na kumwambia yote, habari ya mirija, chumvi na meli. Yule mjane alimsikiliza hadi mwisho. Akamletea kiti, akakiweka uani, mdogo wangu akakaa hapo kutwa, naye akaendelea na kazi zake: akafua, akapika, akawapa watoto chakula. Hakumfukuza na hakumkaribisha sahani. Jua lilipokuwa linazama alikuja akasimama mbele yake. Mdogo wangu akainuka, akashika kiti ili akirudishe ndani.

"Sasa nenda," alimwambia. "Kiti nitaingiza miye."