Maua ya Mlangoni kwa Bibi

Mtaani wanamwita Mama Zambarau, na ukishaingia kwake huulizi kwa nini. Mapazia ni ya zambarau, vitambaa vya makochi ni vya zambarau. Mwavuli, kandambili, ndoo ya maji, hadi mfuniko wa birika. Katika vyote hivyo hakuna hata kimoja alichonunua mwenyewe. Kaletewa. Watu wanampenda sana mtu ambaye zawadi yake haiwaumizi kichwa.

Mwenyewe rangi hiyo haipendi. Hajawahi kuipenda hata siku moja.

Mambo yalianza siku ya kuchumbiwa. Shangazi wa mume alikuja na vitambaa viwili, cha njano na cha zambarau, bibi harusi achague cha kushonewa. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye cha njano. Kukigusa tu, akaliona doa la mafuta, pana kama kiganja, limekunjiwa kwa ndani. Akikichukua kitafunuliwa mbele ya watu, na shangazi wa watu ataumbuka. Basi akainua cha zambarau. Angeishia hapo angepona. Lakini shangazi akamuuliza, "Mbona umechagua haraka hivyo, mwanangu?" na yeye, kwa kukosa la kusema, akajibu kwamba bibi yake aliyemlea alipanda maua ya zambarau mlangoni, na tangu utotoni akiiona rangi hiyo roho yake inatulia.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikwenda mpaka ikapata wajukuu.

Bibi yake hakuwa na ua hata moja. Alikuwa na kuku, na ua lolote wangelidonoa siku hiyo hiyo. Alichokuwa nacho ni beseni la njano lililotoboka, akaliziba kwa kipande cha plastiki alichokiyeyusha motoni. Jua likianza kupoa alimkalisha mjukuu wake humo, akammwagia maji ya uvuguvugu mgongoni kwa kikombe, polepole, huku akimhesabu vidole vya miguu asije akawa kapoteza kimoja kwenye michezo. Mwanga ukipita kwenye ile njano, mtoto alijiona kama amekaa ndani ya kiini cha yai. Katika maisha yake yote hakuna kumbukumbu anayoipenda kuliko hiyo, na hakuna aliyewahi kusimuliwa.

Walichosimuliwa ni maua. Mumewe ni fundi viatu, mwenye maneno mengi kuliko misumari, na mteja akikaa kusubiri soli lazima ayapate yale maua. Kila mwaka aliyaongeza kidogo. "Mwenyewe huyo hapo, muulizeni!" alikuwa akisema, akimtazama mkewe kwa fahari kiasi kwamba mkewe aliishia kuitikia kwa kichwa tu. Utamkatishaje mtu anayekusifia?

Kilichomwokoa miaka yote ni kazi. Alikuwa anapiga pasi kwa dobi. Chumba cha pasi kilikuwa na kuta nyeupe, mashuka meupe, na mashati ya watu ya kila rangi. Kutwa macho yake yalikuwa huru. Zambarau ilikuwa ya jioni, na jioni taa zenyewe hafifu. Kisha kifundo cha mkono kikavimba, kikakataa kabisa kuinua pasi. Mwenye duka akamshukuru vizuri, akamwambia akapumzike nyumbani moja kwa moja.

Jumamosi hiyo binti yake mkubwa akafika na fundi rangi, mtu na makopo yake.

"Sasa si utakuwa unashinda nyumbani, Mama? Tumechanga na wadogo zangu. Chumba chako chote tunakipaka rangi yako. Kuta zote, na dari."

Na dari! Akajiona amelala chali, anafumbua macho ni zambarau, anafumba akijua iko palepale inamsubiri, mpaka siku ya kutolewa na jeneza, ambalo bila shaka nalo wangelipaka. Hapana. Afadhali aibu ya asubuhi moja.

"Mwanangu, hebu tua hilo kopo kwanza," akasema. "Kuna jambo nataka kuwaambia kuhusu yale maua."

"Hee!" Mumewe akapiga makofi. "Fundi, kaa kitako. Leo unaisikia kwa mwenyewe!"

Fundi, aliyekwisha kuisikia akisubiri viatu vyake, akageuza ndoo akakaa.

"Yale maua ya mlangoni kwa bibi..."

"Ngoja, Mama," binti akamkatiza. "Naomba nitangulie mimi, maana sijawahi kusema." Alikuwa anajifuta mikono kwenye kanga, na mikono yenyewe haikuwa na kitu. "Nilipompoteza mtoto, ile siku wodini. Wewe ulikaa nami, hukuniuliza neno. Mimi nilifumba macho nikaenda pale mlangoni kwa bibi yako, nikamlaza mwanangu katikati ya yale maua. Wenzangu wana makaburi, Mama. Mimi wangu walimchukua hospitalini, sikuonyeshwa chochote. Pale ndipo nilipomzika. Mpaka leo nikimkumbuka ndiko ninakokwenda."

Fundi viatu akashusha mikono yake ya makofi. Akatazama sakafu.

"Haya, Mama," binti akasema, akijaribu kutabasamu. "Yalikuwaje?"

Mama Zambarau alikuwa na ukweli kwenye ncha ya ulimi. Akamkasirikia shangazi, akalikasirikia lile doa la mafuta, akajikasirikia mwenyewe na mdomo wake wa ujana. Akatazama juu. Dari ilikuwa bado nyeupe, imepauka, ina ufa mwembamba kutoka kwenye taa hadi pembeni.

"Yalikuwa mengi," akasema. "Mengi kuliko anavyosema baba yako. Yalifika mpaka dirishani. Na bibi alikuwa na kuku, lakini hawakuyagusa. Hata siku moja hawakuyagusa."

Binti akamkumbatia, akamlilia begani. Fundi rangi akasubiri mpaka walipoachiana, akabandua mfuniko wa kopo kwa bisibisi, akaanza kukoroga.

"Mama, na dari nayo?"

"Na dari, fundi," akasema. "Usibakize."