Kurasa Nisizozipigia Mstari

Nilianza kidato cha tatu nikiwa na watoto watatu na cheti cha darasa la saba kilichokunjwa mpaka kikawa vipande vinne. Darasa letu la jioni lilikuwa katika shule ya msingi pale Morogoro mjini, kwenye madawati ya watoto wa miaka saba. Ukikaa, magoti yanafika masikioni. Kulikuwa na fundi bomba mmoja mrefu kama mnara. Naapa yeye alisoma miaka miwili yote akiwa amepiga magoti, kama anaungama.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Kila mtu alikuwa anauza kitu. Mitumba ilitandazwa karibu na mlango wa darasa, na kiwanda nilichofanyia kazi kule Kihonda kilikuwa kinatafutiwa mnunuzi. Hata fasihi ilikuwa sokoni: kando ya stendi ulipata kijitabu cha maswali na majibu, kimepigwa fotokopi mpaka herufi zimekuwa kama sisimizi waliokanyagwa. Riwaya yetu nzima kilikuwa kimeimaliza kwa kurasa kumi na mbili: dhamira, wahusika, ujumbe, na orodha ya kurasa za kusoma. Kurasa nyingine, kilisema, si muhimu kwa mtihani.

Riwaya yenyewe ilihusu familia ya milimani. Mzee anakufa, ukoo unachukua shamba lake la kahawa na kumpa mpwa wake, mtoto wa dada yake. Mtoto wa kumzaa anaambiwa aondoke. Kijitabu kilimmaliza yule mpwa kwa maneno mawili tu: mhusika dhalimu. Darasa zima likanakili.

Mimi nikasimama, au tuseme nikajinasua kwenye dawati. "Mwalimu, huyu si dhalimu. Huyu ni mrithi!"

Ilibidi nieleze. Mimi ni Mluguru wa Matombo. Kwetu ardhi inafuata upande wa mama, na shamba la mjomba linakwenda kwa mpwa. Nisichowaeleza ni kwamba mjomba wangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na ukoo ulikuwa umenikabidhi shamba lake. Mwanawe, binamu yangu, aliyelima pale tangu ana meno ya utoto, alikuwa amepewa muda mpaka mavuno yaishe, kisha ahame. Kwa hiyo kitabu kikimhukumu mpwa, kilikuwa kinanihukumu mimi, tena mbele ya mtihani wa taifa.

Muuguzi mmoja kutoka Kilimanjaro, jirani yangu wa dawati, akageuka. "Kumbe mwizi tunakaa naye! Jamani, shikeni mikoba."

"Dada, nyie mnarithi migomba kwa baba, na hatujawaita wezi."

"Kwetu mtoto hafukuzwi kwa baba yake."

"Hata kwetu hafukuzwi. Anakwenda kwa wajomba zake."

"Na wajomba zake wakiwa hawana kitu?"

Nikakohoa. Nilikohoa kikohozi cha robo saa.

Mwalimu wetu alikuwa mama mfupi mwenye sauti ndogo, lakini akizungumza hata mbu walitulia. Akasema, "Basi kaandike insha, baba. Wiki ijayo niione."

Niliandika kurasa kumi na nne. Hakuna wakili aliyewahi kuvaa joho akamtetea mtu kama nilivyomtetea yule mpwa. Niliweka historia ya Uluguru, asili ya koo, na mababu waliofyeka ule msitu. Nilipomaliza nilidhani wizara itaomba nakala. Insha ikarudi bila alama, ina mstari mmoja wa wino mwekundu: "Umeandika juu ya Matombo. Riwaya iko wapi? Kila unachodai, nionyeshe ukurasa."

Nilinuna siku mbili, mpaka mke wangu akauliza kama kiwanda kimeuzwa. Siku ya tatu nikafungua kitabu kutafuta hizo kurasa ili nimkomeshe. Hapo ndipo nilipokiona vizuri kitabu changu mwenyewe. Kila mahali mpwa alipofungua mdomo nilikuwa nimepiga mstari wa kalamu nyekundu. Kurasa zake zilikuwa kama zimeumwa surua. Kurasa za yule mtoto aliyefukuzwa zilikuwa nyeupe pee. Nilikuwa nimezipita kama mtu anayepita nyumba ya anayemkwepa. Na kwenye orodha ya kijitabu hazikuwamo. Kijitabu kilimhitaji yule kijana ili kimwonee huruma, mimi nilimhitaji aondoke njiani, na hakuna kati yetu aliyekuwa amemsoma.

Basi nikamsoma. Kuna nusu ukurasa inayoeleza siku ya kuondoka kwake. Amekwisha funga mzigo. Kisha anautua, anarudi shambani, anapalilia mistari mitatu ya mibuni iliyokuwa imebaki. Anaosha jembe na kuliegemeza ukutani, kwa ajili ya huyo anayekuja. Halalamiki, na mwandishi hasemi kwamba ameonewa. Nusu ukurasa inaisha.

Niliisoma labda mara mia. Nilikuwa nimezoea kwenda kwenye kitabu kama mtu anayekwenda baraza la kata na mashahidi wake mfukoni: hii itanisaidia, ile iache. Sikujua kwamba kusoma ni pamoja na kukaa na yule usiyetaka kumsikia mpaka amalize. Wala sikuona, na hata leo sioni, kwamba desturi yetu ni dhuluma. Ndiyo iliyonilea. Lakini desturi ilikuwa imejibu swali la shamba ni la nani, na mtu mwenye jembe alikuwa ameleta swali jingine. Nikawatazama wanangu watatu waliolala. Siku moja shamba lile lingekwenda kwa watoto wa dada yangu, nao wangeliacha na kuondoka na mzigo kichwani.

Jumamosi nikapanda Matombo. Binamu yangu alikuwa juu ya ngazi ya mianzi anachuma pilipili manga, zile zinazotambaa kwenye miti. Tangu biashara ilipofunguliwa, wanunuzi wa Dar walikuwa wanazifuata huko huko mlimani kwa pikapu zao. Ndiyo maana ukoo wetu ulilikumbuka shamba lile haraka namna ile.

"Karibu, mwenye shamba," akasema bila kushuka. "Umekuja kukagua miti yako?"

"Nimekuja kuuliza hizi pilipili nani alizipanda."

"Babu yako wa Ulaya! Nilipanda mimi, mzee akinishikia kamba. Wewe ulikuwa Kihonda unanenepa."

"Mbona hukusema kwenye kikao cha ukoo?"

"Nilisema. Nilisema mara mbili. Ulikuwa unakula ndizi."

Nikamsimulia riwaya, kuanzia kifo cha mzee mpaka jembe ukutani. Alisikiliza huku mikono ikichuma. Mwishowe akanitazama. "Kwa hiyo mimi nimesema mwaka mzima hukusikia. Mtu wa kwenye karatasi, ambaye hajasema kitu, ndiye umemsikia?"

"Ndiyo."

"Kweli umesoma." Akachuma shada jingine. "Na huyo kijana aliishia wapi?"

"Alikwenda mjini. Hakurudi."

"Mjinga. Mimi mtanitoa hapa na mizizi."

Insha ya pili ilikuwa kurasa nne, kila dai na ukurasa wake. Sikumwita mtu yeyote dhalimu. Mwalimu alinipa alama za kutosha na akauliza pembeni kwa nini niliacha kufoka. Nikamwambia nimebakiza sauti kwa ajili ya kikao.

Kikao kilikaa Jumapili baada ya misa. Nilisema ardhi ni ya ukoo na ibaki ya ukoo, ila pilipili zimepandwa na mkono wa mtu, na mtu huyo asiondoke. Mjomba mmoja mkubwa akauliza kama shule ya jioni inafundisha watu kutukana koo zao. Nikamjibu, "Shikamoo mjomba, lakini nionyeshe mwingine aliyepalilia." Tulibishana mpaka kengele ya misheni ikalia tena. Wakakubali kwa masharti: binamu atakaa maadamu mimi ni hai, kwa kuwa mpwa wangu, atakayenirithi, hawezi kufungwa na maneno yangu. Sikupata zaidi ya hapo. Bado linaniuma.

Nilipomweleza binamu yangu, alifikiri kidogo. "Basi usife mapema," akasema. "Na Jumamosi usije na kitabu. Njoo na kapu."

Nilikwenda. Nilichuma kidogo sana, nikaanguka mara moja, na kwa maelezo yake mlima ulitikisika mpaka misheni wakadhani ni tetemeko.